Balbu za LED ndani ya taa zilizoundwa kwa ajili ya halojeni

Kwa muda mrefu nililalamikia taa za mbele za pikapu yangu. Zilikuwa taa zilizotoka na gari kiwandani, zenye balbu za H4 za volti 12, ambazo uzi mmoja hutumia wati 55 kwa dimu (mwanga wa chini) na mwingine wati 60 kwa fuli (mwanga wa mbali), na usiku wa mvua mwanga wake ulimezwa na lami nisione hata ukingo wa barabara. Niliamua kuweka LED, yaani balbu zinazowaka kwa chipu ndogo badala ya uzi wa moto wa halojeni, na mpaka leo sijajuta, ila nilizunguka mno kwa sababu nilianza kwa kununua kabla ya kupima.

Seti ya kwanza ilikuja ndani ya boksi lililojigamba kuwa na lumeni 20,000, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Nilipaswa kushtuka hapo hapo, kwa kuwa balbu ya H4 ya halojeni hutoa takriban lumeni 1,650 kwenye fuli na 1,000 kwenye dimu, na hakuna kitu cha ukubwa wa kidole kinachoweza kuzidi hapo mara nyingi kiasi hicho bila kujiunguza. Nilizifunga kwa dakika chache, nikaziwasha mbele ya ukuta, nikafurahi kuona ukuta umekuwa mweupe. Furaha hiyo iliishia barabarani. Mita chache za mbele ya bampa ziling'aa ajabu, lakini mbali kulikuwa na giza kuliko zamani, na kila gari lililokuja lilinipigia fuli kwa hasira ilhali mimi nilikuwa tayari kwenye dimu.

Sababu niliielewa baada ya kuitoa balbu ya zamani na kuitazama kwa makini. Ndani ya H4, uzi wa dimu umekingwa kwa chini na kikombe kidogo cha chuma, ambacho huzuia mwanga usifike nusu ya chini ya kiakisi, yaani bakuli linalong'aa ndani ya taa na kurudisha mwanga mbele. Mwanga unaogonga nusu ya juu ndio pekee unaorudishwa, nao huelekea chini barabarani, na ndiyo maana dimu nzuri huwa na mstari dhahiri unaotenganisha mwanga na giza. Kiakisi chote kimechongwa kwa kufuata mahali uzi huo mwembamba ulipo, kwa hiyo chanzo cha mwanga kikisogea milimita moja au mbili, mstari huvurugika na mwanga humwagika machoni mwa watu. Balbu zangu zilikuwa na ubao mnene ambao chipu zake za pande mbili zilikaa mbalimbali, na juu ya hayo nilikuwa nimezifunga zikiwa zimezunguka kidogo. Chipu zinatakiwa zitazame kulia na kushoto, sawa na namba 3 na 9 zilivyokaa kwenye uso wa saa, wala si juu na chini.

Kabla ya kununua seti ya pili nilichukua multimita, kifaa cha kupimia umeme, na hapa ndipo nilipoona aibu. Injini ikiwa inaunguruma na taa zimewashwa, betri ilionyesha volti 13.8, lakini kwenye soketi ya taa nilipata 12.1 tu. Kwa halojeni hilo ni pigo kubwa, kwani volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga hushuka kwa takriban asilimia 30. Nilisafisha mahali waya hasi unapofungwa kwenye bodi, nikaongeza rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na waya mnene kutoka betri, kisha nikang'arisha vioo vya taa vilivyokuwa vimefifia na kuwa vya njano. Kusema kweli, balbu zile zile za zamani zilionekana mpya, na mtu asiyetaka usumbufu zaidi angeweza kuishia hapo.

Mimi sikuishia. Seti ya pili niliichagua kwa ubao wake mwembamba, chipu zilizokaa mahali hasa pa uzi, kikombe chini ya chipu za dimu, na kola inayoweza kulegezwa ili balbu izungushwe na kunyooshwa. Rangi ya mwanga, ambayo hupimwa kwa kelvini, nilichukua ya karibu 5,000, kwa kuwa weupe wa bluu wa kelvini 6,500 hunisumbua macho kwenye ukungu. Wenye magari ambayo soketi yake ina waya chanya wa pamoja, na swichi hukata upande wa hasi, wahakikishe balbu inakubali mpangilio huo. LED ni diodi, haipitishi umeme kinyumenyume kama uzi unavyofanya. Kwenye magari mapya kompyuta inaweza pia kudhani balbu imeungua, kwa sababu LED inakula umeme kidogo, na hapo huhitajika kifaa cha kuituliza.

Kurekebisha mwelekeo kulinichukua jioni nzima. Niliegesha gari mita 10 kutoka ukutani, tangi likiwa limejaa na magurudumu yana upepo sawa, nikashusha mstari wa dimu sentimita 10 chini ya kimo cha katikati ya taa, halafu nikapakia mzigo nyuma na kutazama tena. Pikapu ikilemewa nyuma huinua pua, na dimu iliyokuwa sawa hugeuka kero.

Suala la sheria lisipuuzwe. Ujerumani iliruhusu balbu ya LED ya H7, aina nyingine ya balbu ya taa za mbele, mwaka 2020, tena kwa aina za magari zilizopimwa na kuorodheshwa, na sehemu nyingine nyingi bado haziruhusu kabisa kubadili balbu ndani ya taa ya halojeni.

Sasa dimu yangu ni pana na safi kuliko zamani, ingawa fuli haifiki mbali kuishinda halojeni iliyopata volti zake kamili. Tatizo lililobaki ni kifuniko cha mpira cha nyuma ya taa: feni ya balbu imekizuia kukaa sawasawa, unyevu umeanza kuingia, na wiki hii natafuta kifuniko chenye kina zaidi. Balbu za halojeni ziko kwenye droo ya dashibodi, zimefungwa kwa karatasi ili vidole visiguse kioo chake.