Spoki ya Baiskeli Shingoni

Shule zilipofungwa Machi 2020, mpwa wangu aliletwa kwetu Ngamiani, Tanga, akiwa na mfuko wa vitofali vya plastiki vya kuchezea, vya mtumba na vya rangi mchanganyiko. Alitaka tuunde kiunzi cha mifupa ya dinosaria. Nikampendekezea yule wa kwetu mwenye shingo ndefu, ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandarini, na leo imesimama Berlin kwa kimo cha mita 13.27. Tuligawanya kimo hicho kwa 32, tukapata sentimita 41 na ushei.

Mbavu na kiuno vilitupa kazi ya siku moja tu, lakini shingo ilitutesa kwa siku nne. Tulikuwa tumeitanua miguu ya mbele kama ya mjusi na kuulaza mkia mezani, kwa hiyo kila tulipofika pingili ya tisa kati ya 13, mnyama mzima alianguka kifudifudi. Mama, aliyekuwa akichambua mchele karibu nasi, alitazama mara moja akasema, "Hata mbuzi hasimami hivyo."

Tukaileta miguu chini ya kiwiliwili, ya mbele ikiwa mirefu kuliko ya nyuma, na mkia tukauinua ili uzani wake uivute shingo. Akasimama. Baadaye nilisoma, nikacheka peke yangu, kwamba hata kiunzi cha Berlin kilichosimamishwa 1937 kilikuwa na viwiko vilivyotanuka na mkia uliogusa sakafu, hadi kilipoundwa upya na kuzinduliwa 2007.

Hata hivyo, pingili za mwisho ziliendelea kuachana. Katika mji wenye baiskeli nyingi kama Tanga sikuhitaji kwenda mbali. Fundi wa jirani alinipa spoki kuukuu, nikaifunga kwa uzi kuanzia mabegani hadi kichwani.

"Mjomba, hapo tumedanganya," alisema.

Nilimwonyesha kwenye simu picha ya vyuma vinavyoishikilia mifupa halisi. Aliikuza, akaikagua kwa muda mrefu, kisha akaikubali spoki kwa sharti kwamba ipite upande unaotazama ukuta.