Sekunde Moja na Nusu

Mzunguko mmoja ulitakiwa uishe ndani ya sekunde 5. Wetu ulikuwa unakula 6.5. Kazi yenyewe haikuwa na maajabu: mkono wa roboti wenye viungo sita unanyonya katoni kutoka kwenye mkanda, unaivusha juu ya ukingo wa chuma, unaitua upande wa pili, unarudi.

Nilifanya kile afanyacho kila mgeni wa kazi hii. Kasi ilikuwa asilimia 70, nikaipandisha hadi 100. Nikashika saa: sekunde 6.4.

Fundi mkuu wetu, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, alikuwa amesimama nje ya uzio, mikono nyuma.

"Mdogo wangu, kutoka nukta hii hadi ile ni umbali gani?"

"Milimita 300, mama."

"Na mchapuko?"

"Mita 5 kwa sekunde, kila sekunde."

Akachutama, akapiga hesabu kwa chaki sakafuni. Mkono unaoanzia sifuri hukazana nusu ya njia, kisha nusu iliyobaki ni kufunga breki. Kwa umbali ule, kilele chake ni kama mita 1.2 kwa sekunde. Mimi nilikuwa nimeuruhusu ufike mita 2. Yaani nimeinua dari ya nyumba ambayo mwenyewe haigusi hata akiruka.

"Sasa funga macho usikilize."

Nikafumba. Vuuu, tik. Vuuu, tik. Nikahesabu tik nane: nukta nane, na kila moja roboti inasimama kabisa kabla ya kuendelea. Nukta hizo niliifundisha roboti mimi mwenyewe, nikiupeleka mkono hadi kila moja na kuihifadhi, kwa mwendo wa kufundishia ambao hauzidi milimita 250 kwa sekunde, na kwa mwendo huo kusimama hakuonekani kuwa ni hasara.

Nikaanza kulainisha kona, mkono usizifikie nukta za katikati bali uzipitie karibu. Kisha mstari ulionyooka juu ya ukingo nikauvunja. Kwa jicho la binadamu mnyoofu ndio mfupi, lakini viungo havioni hivyo. Katikati ya mstari ule kiungo cha tano kilikaribia kunyooka, cha nne na cha sita vikalala kwenye mhimili mmoja, na cha nne kikawa kinazunguka kama pia ilhali mkono wenyewe unajikokota. Nikaviachia viungo vijichagulie njia, nikabakiza unyoofu kwenye kushuka na kupanda tu. Sekunde 5.6.

Hapo tamaa ikanipanda kichwani. Kona zote nikaziruhusu zianze kukatwa milimita 150 kabla ya nukta, bila kupima. Mkono ukakata kona mapema, pembe ya katoni ikakwaruza ukingo, ikapasuka upande mzima. Mama hakunigombeza. Alinyoosha kidole kwenye mpasuko, akaondoka zake. Nikarudisha 50 karibu na ukingo, kwingine nikaacha pana.

Kilichonishangaza zaidi ni cha mwisho. Juu ya katoni mkono ulikuwa unatetemeka, nami nilikuwa nimeweka subira ya sekunde 0.4 ili utulie. Nikapunguza ukali wa breki pale mwishoni, mtetemo ukaisha, subira nikaifuta. Muda nikaupata kwa kupunguza mwendo! Baadaye nilikuja kusoma kwamba tangu miaka ya 1980 imethibitishwa kimahesabu kuwa njia ikishaamuliwa, mwendo wa haraka kuliko wote ni ule ambao kila wakati kuna angalau mota moja iliyofika ukomo wake. Sawa, ila hesabu ile haikuujua mtetemo wa mkono wangu. Pampu ya kunyonya nayo nikaiwasha mkono ukiwa bado njiani.

4.8. Nilikimbia kumwita mama. Akaja, akatazama mizunguko mitatu, kisha akageukia mkanda. Ulikuwa unaleta katoni moja kila baada ya sekunde 5. Roboti ilirudi mbio, ikashuka, ikasimama juu ya mkanda mtupu, inangoja.