Maji chini, oili juu: kuchunguza injini ya lori lililolala

Tanga, Jumapili jioni

Injini iliyolala miaka haisemi lugha ile ile ya injini iliyozimwa jana. Fundi yeyote wa Ngamiani atakwambia ukichomoa stiki ya kupimia oili na oili ikatoka nyeupe kama maziwa, basi maji yameingia. Ni kweli, kwa gari linalotembea. Maziwa yale hukorogwa na krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Lori likisimama muda mrefu, maji, kwa kuwa ni mazito kuliko oili, huzama polepole mpaka kitako cha sampu, bakuli la oili chini ya injini, na oili hubaki juu yake. Stiki inachovya hapo juu. Inatoka nyeusi, inang'aa, mwenye lori anatabasamu, betri inafungwa, stata inapigwa. Na mdomo wa pampu ya oili uko chini kabisa, kwa hiyo kitu cha kwanza kufika kwenye beringi ni maji.

Ndiyo maana siku ya kwanza ya lori kuukuu ni siku ya chupa, si siku ya stata. Tafuta chupa tatu za maji ya kunywa, zile zinazoonyesha ndani. Legeza plagi ya sampu taratibu bila kuing'oa, ukinge nusu lita ya mwanzo peke yake. Iache kivulini saa moja, kisha utazame.

Vijiko viwili vitatu vya maji yasiyo na rangi si ugonjwa. Hewa ya pwani hupita kwenye kipumulio, tundu la injini la kupumulia, usiku chuma kinapoa, jasho linatiririka ndani. Ute wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha kujazia oili nao mara nyingi ni jasho hilo hilo. Maji yakifika lita na zaidi, angalia rangi. Ya kijani au ya kutu yametoka kwenye mfumo wa kupoozea. Yakiwa mengi na hayana rangi, inua macho kwanza uangalie ekzosi. Malori mengi ya zamani yana bomba lililosimama wima nyuma ya kabini, na lisipofunikwa, mvua ya masika hushuka mpaka kwenye silinda ambayo vali yake imebaki wazi, ikapenya kwenye ringi hadi sampu. Watu wamenunua gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, kwa kosa la kopo la kufunikia bomba.

Chupa ya pili ni ya rejeta, ya tatu ni ya bomba dogo la kumwagia maji lililo ubavuni mwa bloku. Hili la ubavuni ndilo lenye habari, na ndilo linalorukwa. Ukilifungua kisitoke kitu usiseme injini ni kavu. Chokonoa kwa waya, maana tope la kutu hulala hapo. Oili nyeusi ikielea juu ya maji, kuna njia kati ya mifumo miwili. Maji yakiwa meupe kama maziwa sawasawa kuanzia juu hadi chini, uliza kabla ya kuhukumu: zamani wengine walitia oili maalumu inayochanganyika na maji ili kuzuia kutu. Na usionje kamwe. Kulanti ya glikoli, dawa ya maji ya kupoozea, ni tamu na ni sumu. Usiimwage mahali ambapo mbuzi na watoto wanapita.

Kuhusu upande gani umeingilia mwenzake, fikiria presha. Injini ikiwaka, oili ina bar 3 hadi 5, maji hayafiki hata bar 1 kwa kawaida. Kwa hiyo oili kula, kipoza oili kinachopitiwa na maji, ikitoboka hutia oili kwenye maji wakati wa safari, na maji hurudi kwenye oili lori likipumzika. Oringi zilizokauka, yaani pete za mpira za laina, ile silinda ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni tofauti: hapo maji hushuka sampu, rejeta ikabaki safi.

Sasa chomoa nozeli zote, zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda, tia kijiko cha oili kila silinda, uzungushe krenki kwa mkono kwa spana kwenye bolti ya puli ya mbele. Kaa pembeni ya matundu. Maji hayabanwi, kama yamejaa juu ya pistoni na nozeli zikiwa zimefungwa, stata inatosha kupinda konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki. Ikigoma usitumie nguvu, huenda vali imeshikwa na kutu.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote kinahitaji subira tu. Fungua sampu yote uishushe. Jaza rejeta maji, funga pampu ya kupimia presha mahali pa kifuniko, uipandishe mpaka namba iliyochapwa kwenye kifuniko chenyewe. Vingi vya zamani ni vya psi 7, yaani kama bar 0.5. Usizidishe. Tandika magazeti chini, acha usiku kucha, asubuhi ingia na tochi. Tone linaloning'inia nje ya laina, pale inapokutana na bloku, ni oringi. Tone linalotoka ukutani ndani ya laina, chini ya pistoni iliyopandishwa juu, ni tundu la kuliwa, la zile laina zilizotetemeka miaka ndani ya maji matupu yasiyo na dawa. Maji yanayoteremka kutoka juu ya pistoni ni gasketi au hedi yenye ufa. Presha ikishuka na magazeti yabaki makavu, fungua oili kula, iziba, itie upepo ndani ya ndoo ya maji.

Maji ya kujazia nayo yanastahili neno. Ardhi yetu ya Tanga ni ya mawe ya chokaa, ndiyo yaliyotupa mapango ya Amboni, na visima vya karibu na bahari vina chumvi. Kausha kijiko kimoja cha maji ya kisima juu ya moto uone ukoko unaobaki. Ukoko huo huo ndio unaoziba njia za hedi. Maji ya mvua yaliyotulia kwenye tangi, nusu kwa nusu na kulanti, ni bora zaidi. Hosipaipu zilizokunywa oili zikavimba zitupwe tu.

Baada ya matengenezo, oili mpya ya bei nafuu, dakika 20 za kuwaka, zima. Liache lilale usiku mzima, asubuhi legeza tena plagi ya sampu. Ikitoka oili tupu, kaza. Yakitangulia maji hata kijiko kimoja, rudisha magazeti chini.