Siku moja maishani mwangu: mkaushaji wa majani ya okidi, Tabora

Ukisoma kwamba ua fulani la porini lina antioksidanti nyingi, yaani kemikali zinazotuliza molekuli haribifu, kichwani humjia mtaalamu wa koti jeupe aliyesimama mbele ya mashine. Mimi ndiye ninayemtangulia. Nayatoa majani porini, nayakausha, nayasaga, nayafikisha stendi. Nikiyaharibu huku Tabora, mashine ya Dar es Salaam itapima majani yaliyoharibika, na hakuna atakayejua.

Saa kumi na moja alfajiri niko kwenye chanja. Nageuza majani, napima uzito, naandika. Jani lisilopungua uzito tangu jana limekauka.

Saa kumi na mbili na nusu nimepanda bodaboda kuelekea upande wa Urumwa. Mrina asali ninayefuatana naye ananisubiri njiani. "Mwangaluka, mzee." "Mwangaluka, mwanangu. Leo nina habari mbaya."

Mmea tunaoufuata ni Ansellia africana, okidi yenye maua ya njano na madoa ya kahawia. Kwa kawaida haioti ardhini, hukaa juu ya matawi ya miti ya miombo. Sehemu ya mizizi yake huchongoka kuelekea juu, ikajifuma kama kiota, na humo hunasa majani makavu yanayooza yakawa chakula chake. Wengi hudhani inanyonya mti. Hainyonyi, imepanga tu. Imo kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, na okidi zote zimo katika mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe pori. Kwingine humalizwa na wachumaji. Huku kwetu ninachokiona zaidi ni shoka: mkaa, na kuni za mabani ya kukaushia tumbaku.

Habari mbaya ya mzee ilikuwa mti mkubwa wa mtundu uliolala chini, umeshakatwa matawi. Okidi yake ilikuwa imelaliwa na gogo, nusu ya mashina yamepondeka, siafu wameshaingia mizizini. Siku zote huchukua majani machache tu yaliyokomaa na siigusi mizizi, maana ukiing'oa umeua mmea. Leo mizizi ilikuwa imeshavunjika. Nimeichukua hiyo iliyovunjika, nikayachukua na majani ya mashina yaliyopondeka. Mashina mazima mzee ameyapandisha kwenye mti wa muba uliosimama jirani, akayafunga penye panda yenye kivuli kwa kamba ya gome, ileile anayotundikia mizinga. Hakuna aliyemlipa kwa hilo. Alikuwa anahema, mbung'o wanamuuma shingoni, na bado akarudi kukaza fundo la pili.

Saa tano nimerudi. Kuosha, kufuta, kukata vipande vyembamba, kutandaza. Hapa watu huniuliza kwa nini nisianike juani nimalize mapema, na jua la Tabora liko bure. Jani likikatwa haliachi kufanya kazi papo hapo. Vimeng'enya vyake huendelea kuzila polifeno, na polifeno ndizo antioksidanti tunazozitafuta. Zile kingo zinazogeuka kahawia ndizo hizo zinapotea mbele ya macho yako. Jua na joto kali huongeza hasara, na unyevu ukibaki huleta ukungu. Kwa hiyo ni kivuli, upepo, na mkono wa kugeuza.

Saa nane nasaga yaliyokwisha kukauka. Nasaga kidogo, nasimama, nagusa jagi la blenda. Likiwa na joto nasubiri. Umeme ukakatika katikati, nikamalizia kwa kinu. Unga ukaingia kwenye mifuko ya kaki, ndani ya plastiki yenye vipakti vya silika vya kunyonya unyevu, nje karatasi ya foili kuzuia mwanga. Lebo: tarehe, mahali, mti uliokuwa umeubeba mmea, jina langu.

Saa kumi stendi. Nilitegemea dakika kumi.

Kijana wa mizigo akaupima mfuko kwa mkono. "Dada, hii nini?" Majani. "Majani gani?" Nikatoa kibali. Hakukisoma. "Ni bangi?" Si bangi. "Ugoro?" Si ugoro. Akaanza kuifungua foili, nikamshika mkono, na hapo ndipo akaona kweli naficha kitu. Akasema akikamatwa njiani nani atamtetea. Akaniambia nimsubiri msimamizi, na msimamizi alikuwa ameenda kula. Nikakaa kwenye kiroba cha mchele cha mtu, mfuko mapajani, jua likinifuata kila nilipousogeza kivulini. Gari moja likapakiwa, likaondoka. Abiria mmoja akaniuliza kama nauza dawa ya mgongo.

Wakati wa kusubiri nikamweleza yule kijana. Kule maabara unga utalowekwa kwenye methanoli, uchujwe, kisha uchanganywe na kemikali ya zambarau iitwayo DPPH. Molekuli za kemikali hiyo zina elektroni isiyo na mwenzake. Antioksidanti ikizikuta huzituliza, na zambarau hufifia kuwa njano. Spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga, husoma rangi iliyobaki kwenye urefu wa wimbi la mwanga wa nanomita 517, na matokeo hulinganishwa na ya vitamini C. Njia hiyo iliandikwa na Marsden Blois mwaka 1958.

Akasikiliza vizuri, kisha akainama. "Basi nitolee kidogo. Mama yangu ana sukari."

Hili ndilo linalonichosha kuliko porini. Nikamjibu ninavyowajibu wote: rangi kubadilika ndani ya chupa si mgonjwa kupona. Hatujui tumbo litapokea kiasi gani, ini litakigeuza nini, na kipimo gani ni sumu. Mama aendelee na dawa za kliniki. Hakupenda. Nadhani aliniona mchoyo.

Msimamizi alikuja giza likiingia. Akakisoma kibali chote, jambo lililonifurahisha mno, kisha akasema, ili kupunguza usumbufu, risiti iandikwe "majani ya chai". Nikakataa. Mzigo huu una kibali na una jina. Tukabishana tena, miguu ikiniuma, mpaka akaandika: sampuli za mimea, majani makavu. Utasafiri alfajiri.

Usiku dada wa maabara akanipigia. Nikamwambia kuhusu mtundu ulioanguka, akasikia neno mizizi, akachangamka, akauliza kama naweza kumpatia kilo. Nimemwambia atapata hii iliyoko chanjani, ikikauka, na itaandikwa kwamba imetoka kwenye mti uliokatwa. Ya mmea ulio hai sitamletea, hata barua ya ombi ije na mhuri.