Nilivyoyasoma madaftari ya Eli Ricker kwa mwandiko wake mwenyewe

Ukiambiwa "nunua kitabu kilichochapwa, usijisumbue na mwandiko wa marehemu," shukuru, kisha endelea na safari yako. Ushauri huo nilipewa na watu walionizidi elimu kwa mbali, na mpaka leo unaniudhi.

Eli Ricker alipigana Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, akahamia Nebraska miaka ya 1880 walowezi walipokuwa wakimiminika huko, akawa hakimu wa kaunti ya Dawes, kisha mhariri wa gazeti la Chadron Times. Mwaka 1906 na 1907 alikuwa akienda Pine Ridge, eneo walilotengewa Walakota (watu wa asili wa Marekani) huko Dakota Kusini, kuwauliza Walakota wenyewe, wakalimani, askari na wafanyabiashara walichokiona mahali paitwapo Wounded Knee tarehe 29 Desemba 1890, siku jeshi lilipowamiminia risasi watu wa Chifu Big Foot, wanaume, wanawake na watoto. Alikusudia kutoa kitabu kikubwa, hakukimaliza. Alipofariki mwaka 1926 aliacha rundo la madaftari ya bei rahisi kama ya wanafunzi, na leo yanatunzwa na Chama cha Historia cha Jimbo la Nebraska (siku hizi hujiita History Nebraska) mjini Lincoln. Mwaka 2005 mahojiano yalichapwa kwa juzuu mbili, Richard Jensen akiwa mhariri. Ninazo zote mbili na ninaiheshimu kazi hiyo.

Lakini mimi ni mtu wa Songea, mahali machifu wetu waliponyongwa na Wajerumani Februari 1906. Nikisoma kwamba Walakota wa Ngoma ya Mizimu, ile dini yao ya miaka hiyo, walivaa mashati waliyoamini hayapenyi risasi, huwezi kuniambia nisiyakumbuke maji ya Kinjeketile, ambayo kwetu nayo yaliaminiwa kuzuia risasi. Tena angalia miaka: Ricker anaketi na Joseph Horn Cloud, Mlakota aliyenusurika Wounded Knee, mwaka 1906, na kwetu vita vya Majimaji bado vinaendelea! Simulizi za wazee wetu zilikuja kukusanywa kwa mpango na wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam kuanzia 1968, mashahidi wengi wakiwa wameshazikwa. Kwa hiyo nilitaka kumwona huyu bwana akifanya kazi mashahidi wakiwa hai: wapi alikata neno, wapi alirudi nyuma kuongeza jina, wapi aliandika maoni yake. Hayo huyaoni kwenye maandishi ya chapa hata mhariri awe bora namna gani.

Nilikuwa naishi Omaha, na Lincoln ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Gharama ni mafuta, chakula cha mchana na kopi. Hakuna cha kumfilisi mtu. Madaftari yako kwenye maikrofilamu, yaani picha ndogo za kurasa zinazosomwa kwa mashine, na hapo ndipo watu hukata tamaa, maana mwandiko ni wa kuunganisha wa karne ya 19, halafu kwenye filamu wino na kivuli vinafanana.

Basi sikiliza nilivyofanya, kwa sababu hili sikufundishwa na mtu. Horn Cloud aliwapoteza wazazi wake siku ile ya Wounded Knee, na mwaka 1903 ndiye aliyeongoza kusimamishwa kwa jiwe la kumbukumbu penye kaburi la pamoja, likiwa na majina ya waliouawa. Ni huyohuyo aliyempa Ricker orodha ya marehemu. Nikajiambia: jiwe halina mwandiko, lina herufi za kuchonga ambazo hata mtoto anasoma. Nikachapisha picha ya jiwe, nikaiweka kando ya filamu, nikaanza kuwinda majina. Big Foot ikanipa B na F. High Hawk ikanipa H kubwa mara mbili, tena moja ikiwa imeandikwa kwa haraka kuliko nyingine. Horn Cloud ikanipa C na ile d yake. Kila herufi niliyoipata niliinakili kwa mkono kwenye jedwali, na zile zenye maumbo mawili nikaziweka zote. Mchana mmoja nikageuza ukurasa usio na majina kabisa, nikasoma sentensi nzima bila kutazama jedwali. Nilisimama. Nilitaka kumwambia kila mtu mle ndani.

Anza na majina, usianze na sentensi. Andika pia nani alikalimani, maana neno la Mlakota limepita kinywa kingine kabla ya kufika karatasini. Usimruke Philip Wells: alikuwa mkalimani siku ya mauaji yenyewe, pua yake nusura ikatwe kabisa na kisu, naye alimhadithia Ricker. William Garnett, mkalimani mwingine, naye anaeleza kifo cha Crazy Horse, kiongozi wa vita wa Walakota, pale kwenye ngome ya Fort Robinson mwaka 1877, na alikuwa karibu mno na mambo yale kupuuzwa. Waliokufa Wounded Knee wana vizazi vyao hai Pine Ridge, kwa hiyo ukinakili orodha, nakili majina yote, usichague yanayopendeza.

Jedwali langu nimempa mpwa wangu aliyeko Songea, pamoja na namna ya Ricker ya kuandika shahidi ni nani, lini, wapi, nani kamkalimania. Ameshaanza na wazee wa upande wa mama yake, na ameniahidi kunitumia kila ukurasa, pamoja na maneno yaliyokatwa.