Mshale ulioishia ukingoni mwa ramani

Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ilitufikia kwa kuchelewa, nakala moja kwa mtaa mzima, na kwa kuwa wengi wetu tulikuwa na kazi za kutwa, tuliamua kugawana sura zake. Mwalimu mstaafu wa hisabati alichukua sura ya kelele, kijana aliyekuwa akisomea upimaji wa ardhi akachukua michoro, nami nikaachiwa kiambatisho cha maji ya mvua, nadhani kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Mradi wenyewe ulikuwa jengo la biashara lenye maduka upande wa mbele na ghala kubwa upande wa nyuma, maegesho ya magari kuzunguka pande tatu, na sehemu ya kupakulia mizigo upande wa nne, ambao ndio uliopakana na nyumba zetu. Eneo lile hadi wakati huo lilikuwa uwanda wa majani na miti michache, zaidi kidogo ya hekta mbili, na mvua iliponyesha lilikuwa likiyanywa maji yake bila mtu yeyote kulitilia maanani.

Sikuwa miongoni mwa waliotaka mradi ufutwe, na ni vizuri hilo lieleweke mapema. Jirani yangu mmoja alikuwa na vijana wawili wasio na ajira, na kila aliposikia habari za ghala alihesabu nafasi za wapakuzi na walinzi; nisingeweza kumtazama usoni nikamwambia kwamba majani yana thamani kuliko mishahara ya wanawe. Kilichotuchosha ni jinsi tulivyojibiwa. Aliyeuliza kuhusu vumbi la ujenzi aliambiwa barabara itamwagiwa maji; aliyeuliza kuhusu taa za usiku aliambiwa taa zitakuwa za kisasa; na aliyezidi kuuliza aliambiwa, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mgonjwa, kwamba hofu zake zinaeleweka na zitashughulikiwa katika hatua inayostahili. Mwalimu ndiye aliyetukumbusha kwamba hatua inayostahili ilikuwa hii hii. Alikuwa amenakili kwa mkono wake Kanuni ya 10 ya Azimio la Rio, tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo la mwaka 1992, inayosema kwamba masuala ya mazingira hushughulikiwa vyema zaidi pale wananchi wote wanaohusika wanaposhirikishwa, na kwamba kila mtu apate taarifa na nafasi ya kushiriki katika maamuzi. Karatasi hiyo aliikunja na kuitia katika mfuko wa shati, na alikwenda nayo mkutanoni.

Kiambatisho changu kilikuwa kifupi, na ufupi wake ndio ulionitia shaka. Hesabu ya maji ya mvua haihitaji usomi mkubwa katika hatua zake za mwanzo: milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, na hekta moja ni mita za mraba 10,000, hivyo mvua ya milimita 50 juu ya hekta mbili ni lita milioni moja. Swali ni kiasi gani cha maji hayo kitaingia ardhini na kiasi gani kitatiririka. Katika ardhi ya majani isiyo na mwinuko mkali, kwa kawaida kinachotiririka ni sehemu moja au mbili katika kila kumi, kutegemea aina ya udongo. Juu ya lami, zege na mabati hutiririka sehemu nane hadi tisa. Maana yake ni kwamba mvua ile ile iliyokuwa ikitoa lita laki moja au mbili ingetoa zaidi ya lita laki nane, tena kwa haraka zaidi, kwa sababu hakuna nyasi za kuyapunguza mwendo. Waandishi wa ripoti, hata hivyo, walikuwa wameuhesabu uwanda ule kana kwamba tayari sehemu sita kati ya kumi za mvua yake zilikuwa zikitiririka. Ukianza na sita, kufika tisa ni ongezeko la kawaida tu. Ukianza na mbili, ni jambo jingine kabisa. Sikuona mahali popote palipoelezwa sita hiyo imetoka wapi. Ilikuwa imekaa katika jedwali, safu ya tatu, bila tanbihi.

Mwalimu naye alikuwa amekuta ya kwake. Jedwali la kelele lilitoa wastani wa saa 24, na wastani huo ulionekana mpole. Alitukalisha akatufanyia hesabu. Sauti hupimwa kwa desibeli, ambazo hazijumlishwi kama mafungu ya kuni: mashine mbili zenye sauti sawa zikiwashwa pamoja huongeza desibeli 3 tu, na kila desibeli 10 zinazoongezeka ni nguvu ya sauti mara kumi. Sasa chukua lori linalorudi nyuma na king'ora chake, alisema, lenye kelele za desibeli 80 dirishani kwa dakika moja tu. Ukiitandaza dakika hiyo katika dakika 1,440 za siku nzima iliyo kimya, wastani unaopata ni desibeli 48 hivi, na mtu akiitazama namba hiyo peke yake atadhani pale pana watu wanaozungumza kwa upole. Zaidi ya hapo, umbali kutoka kwenye kelele hadi nyumba zetu ulikuwa umepimwa kuanzia katikati ya kiwanja, mita 80, ilhali malori yangeshusha mizigo mita 20 kutoka madirishani. Mahali pa wazi, sauti inayotoka sehemu moja hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Kati ya mita 20 na mita 80 kuna maradufu mbili, na hivyo desibeli 12 zilikuwa zimepotea katika karatasi kabla hata ya lori la kwanza kufika.

Mkutano wa maoni ulifanyika katika ukumbi uliojaa mpaka watu wakasimama kando ya kuta. Ofisa aliyeuongoza alikuwa mtu mtaratibu, mwenye kusikiliza huku kalamu ikiwa mkononi, na nililazimika baadaye kukiri moyoni kwamba bila yeye yale yaliyofuata yasingeandikwa popote. Mshauri wa mazingira aliyeajiriwa na mwenye mradi alikuwa kijana nadhifu, na aliwasilisha ripoti yake kwa michoro iliyoakisiwa ukutani. Alieleza ajira, akaeleza miti itakayopandwa, akaeleza jinsi taka zitakavyozolewa. Kisha ukaja mchoro wa maji. Maegesho yalichorwa kwa rangi ya kijivu, na juu yake mishale ya buluu ilishuka kutoka kila upande, ikakutana katika kona ya chini ya kiwanja, ikawa mshale mmoja mnene uliotoka nje ya uzio na kuishia pale karatasi ilipoishia.

Aliyenyoosha mkono alikuwa bibi ambaye nyumba yake iko chini kabisa ya mtaa, karibu na kalavati dogo la njia ya waenda kwa miguu. Hakuwa amesoma ripoti na hakujifanya ameisoma.

"Mwanangu," alisema, "nimeuona huo mshale. Umefika mwisho wa karatasi. Maji nayo yatafika hapo yasimame?"

Watu walicheka, na hata yule kijana alitabasamu.

"Hapana, mama. Hapo yanaingia kwenye mtaro wa umma."

"Huo mtaro umeuona?"

"Nimeuona kwenye ramani, mama."

"Kwenye ramani una upana gani?"

Kijana alirudi kwenye mchoro wake, akausogeza huku na huku, na hapo ndipo kila mtu alipoona kile ambacho yule bibi alikuwa amekiona kabla yetu: nje ya uzio hapakuwa na kitu. Nyumba zetu hazikuwamo. Kalavati halikuwamo, wala mtaro, wala njia. Palikuwa na weupe wa karatasi. Kwa heshima yake nitasema kwamba hakudanganya. Alisema kazi aliyopewa iliishia kwenye mpaka wa kiwanja, na kwamba uwezo wa mtaro ulio nje ya mpaka haukuwa sehemu ya maelekezo yake.

Nimefikiri mara nyingi kuhusu jibu hilo, kwa kuwa lilieleza mambo mengi zaidi ya maji. Tathmini ya athari hufanywa kwa ajili ya yale yanayovuka uzio. Kama kila kitu kingebaki ndani, hakuna jirani ambaye angekuwa na sababu ya kuitwa mkutanoni. Kelele huvuka, mwanga huvuka, moshi wa jenereta huvuka, na maji huvuka yakiwa yamebeba kile kilichokuwa juu ya lami: mafuta yaliyodondoka chini ya injini, zinki inayotokana na kulika kwa matairi, shaba ya breki, ambavyo mvua ya kwanza baada ya kiangazi huviosha vyote kwa mkupuo mmoja. Ripoti nene iliyopima kwa uangalifu mkubwa kila kitu kilicho upande wa mwenye mradi, ikanyamaza kuhusu upande wa pili, ilikuwa imeacha kazi yenyewe.

Baada ya hapo nilipewa nafasi, nikasoma hesabu yangu kwa ufupi, nikauliza ile sita ya safu ya tatu imetoka wapi. Nilijibiwa kwamba ni thamani inayotumika kwa maeneo ya makazi yaliyojengwa. Nikasema uwanda ule haukuwa umejengwa. Ofisa aliandika. Mwalimu alisimama na karatasi yake, lakini kwa mshangao wangu hakusoma Azimio la Rio. Alisema tu kwamba ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza mwaka 2009 wastani wa kelele za usiku nje ya nyumba usizidi desibeli 40, kwamba ripoti haikuwa na kipimo hata kimoja cha usiku, na kwamba mtoto anayezinduliwa saa 9 usiku haamshwi na wastani.

Si kwamba ukumbi mzima ulikuwa nyuma yetu. Kijana mmoja wa yule jirani yangu alisimama kwa hasira akasema tunatumia hesabu kuwanyima watu riziki, na kwamba wenye kazi ndio wenye muda wa kuhesabu matone ya mvua. Baadhi walimpigia makofi. Lilikuwa shtaka zito, na halikuwa la uongo lote. Waliosoma ripoti ile kweli walikuwa watu wenye mishahara au pensheni. Bibi wa kalavati ndiye aliyemjibu, bila kusimama: "Mjukuu wangu, kazi ifanye. Mimi naomba maji yasilale kitandani kwangu." Mjadala wa kama tunapinga maendeleo au hatupingi ulifia hapo, na ofisa akaingia katika mambo yanayopimika.

Kibali hakikutolewa siku ile. Mwenye mradi aliagizwa kurudia hesabu ya maji kwa kuanzia na hali halisi ya uwanda, kuupima mtaro na kalavati hadi mahali vinapomwaga maji yake, na kupima kelele za usiku kwenye kuta za nyumba zilizo karibu zaidi. Ripoti ya nyongeza ilipotoka, mchoro wake ulikuwa na nyumba zetu, zikiwa visanduku vidogo vyenye namba, na kalavati lilikuwa limeandikiwa kipenyo chake. Ilibainika kwamba lisingeweza kupitisha hata nusu ya maji yaliyotarajiwa. Suluhisho lililopendekezwa lilikuwa bwawa la kuyashikilia maji kwa muda katika kona ya chini, liyaachie kidogo kidogo kupitia bomba jembamba, pamoja na mtego wa mafuta kabla ya bwawa, na sehemu ya maegesho kutandazwa matofali yenye nafasi za kupitisha maji badala ya lami. Ilimgharimu mwenye mradi safu nzima ya maegesho, na sikuwahi kusikia kwamba duka lolote lilifungwa kwa sababu hiyo.

Katika kelele tulipata nusu. Upakuaji ulipigwa marufuku kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na ukuta ukajengwa kati ya malori na madirisha, lakini mashine za kupozea ghala, ambazo hazilali, ziliachwa juu ya paa, ambako ukuta hauzifikii. Mwalimu aliandika barua kuhusu mashine hizo, akaandika nyingine. Miti ilikatwa yote, ingawa mchoro wa kwanza ulionyesha mitatu ikibaki.

Jambo la mwisho tuliloliomba halikumvutia mtu yeyote mkutanoni, nami naliona ndilo lililokuwa na manufaa kuliko mengine. Bwawa la namna ile hujaa matope na takataka, na likijaa, nafasi ya maji inakwisha. Linabaki bwawa kwa jina tu. Masharti ya kibali yalitaja ujazo wake lakini hayakusema nani atalizoa matope wala lini. Tuliandika kuomba sharti liongezwe, na likaongezwa: mwenye jengo alisafishe kabla ya kila msimu wa mvua, na kumbukumbu za usafi ziwe wazi kwa wakazi wanaotaka kuziona. Daftari hilo linawekwa katika chumba cha walinzi karibu na lango. Mmoja wa walinzi wanaolitunza ni yule kijana aliyetushutumu ukumbini, na kila tunapokwenda kulikagua hutufungulia ukurasa wenyewe bila kuombwa.