Kwa hiyo alirudi?

Wiki imekwenda na mambo yake: mdogo wangu ametolewa mahari, mama mkwe ametolewa mtoto wa jicho salama, wakaguzi wameondoka ofisini. Mimi kwa mawazo bado niko jikoni, Jumatano saa mbili usiku, Waziri wangu wa Mambo ya Ndani, yaani dada wa kazi, anachambua mchele.

Mnakumbuka nilipewa somo la wanawake kanisani, nikachagua Theolojia ya Weusi, Baba Ima akasema nitawasinzisha wote. Basi nilikuwa nafanya mazoezi kwa sauti, na darasa lilikuwa Waziri peke yake. Nikaanza na James Cone, mwanatheolojia mweusi wa Marekani, mtoto wa Bearden, Arkansas, mji ambao wazungu wake walisali kila Jumapili na mweusi hakaribishwi kwenye kanisa lao. Martin Luther King akauawa 1968, mwaka uliofuata Cone akatoa kitabu chake cha kwanza, na 1970 akaandika kwamba Mungu ni mweusi.

Waziri akasimamisha ungo. "Mweusi kama sisi?"

Nikamwambia, pale Marekani anayekanyagwa ni mweusi, na Mungu aliyesikia kilio cha watumwa kule Misri hawezi kusimama katikati kama refa. Yuko na wanaokanyagwa.

"Refa naye huwa na timu yake," akasema, tukacheka.

Nikanogewa. Nikamletea na John Mbiti, mwanatheolojia, jirani yetu wa Kenya, aliyeandika 1974 kwamba theolojia ile imezaliwa na machungu, ya Afrika inatokana na furaha ya imani. (Hapo simwelewi mzee wetu. Miaka hiyo hiyo kina Steve Biko, waliopinga ubaguzi wa rangi, walikuwa wanaihitaji theolojia hiyo Afrika Kusini, na Biko alifia mikononi mwa polisi 1977. Furaha ya wapi?)

Halafu nikajipeleka mwenyewe kwa Hajiri. Nilitaka kuonyesha kwamba wanawake weusi nao walimbana Cone, kwamba ukombozi wake ulikuwa wa wanaume, na yeye baadaye alikiri. Mmoja wao, Delores Williams, mwaka 1993 alimshika Hajiri, mjakazi wa Sarai. Hajiri amekimbia mateso, ana mimba, yuko jangwani, malaika anamkuta kwenye chemchemi anamwambia arudi kwa bibi yake. Williams hapaki rangi: hapo Mungu hakumfungua mtumwa. Alimpa namna ya kuishi yeye na mtoto wake.

"Kwa hiyo alirudi?"

"Alirudi."

"Yule bibi alimwambia pole?"

"Haijaandikwa."

"Haya."

Akaendelea kupepeta.

Wasomaji wa zamani mnajua. Waziri alikwenda kwao Kondoa mwezi uliopita, likizo ya siku kumi na nne baada ya miaka miwili. Siku ya tano nikampigia: mama mkwe anakuja kwa ajili ya jicho, rudi mara moja mdogo wangu, tutafidia. Akapanda basi la alfajiri. Hatujafidia. Na pole, nimejaribu kukumbuka kama niliisema, nakumbuka tu nilimpokea kwa kumwonyesha shuka za mgeni.

Labda hakumaanisha kitu. Labda alitaka kujua hadithi inaishaje, kama mtu yeyote. Lakini "haya" ya Waziri naijua, ina vyumba na ghala.

Jumamosi nilifundisha. Hakuna aliyesinzia, Baba Ima alie tu. Hajiri nilimruka. Nilisema muda umekwisha, na zilikuwa zimebaki dakika ishirini, mwenyekiti akazijaza na matangazo ya michango.

Jana usiku nikampa Waziri nauli na siku zake tisa, nikaongeza mbili za faini. Nikasema na pole, kwa kuchelewa na kwa kigugumizi. Akaniangalia kama mtu anayekagua noti.

"Na dawa ya bibi nani atamtia?"

"Mimi."

"Mara nne kwa siku, Mama Ima. Na usimguse jicho na kile kichupa."

"Haya," nikasema mimi.

Ameondoka alfajiri ya leo, amejifunga kanga yangu ile ya kijani ambayo sikumbuki kama nilimpa. Aende nayo. Mchana matone mawili ya kwanza yalimwagika shavuni, mama mkwe akauliza Waziri yuko wapi.

Halafu Ima anasema jino la mbele linacheza. Nimeligusa, kweli linacheza. Ana miaka minne na nusu. Si mapema hivyo?